Mutoto amepasuliwa: sasa kazi ni ya nyumbani



Katika ukurasa huu tunazoea kuzungumuza juu ya kofia ya chuma, viatu vya kazi, vumbi na mashine. Leo tunaacha kidogo mambo ya mushimo na kiwanda, tunaingia nyumbani. Tutazungumuza juu ya jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini, au hawalisemi kabisa: mutoto mwanaume anayezaliwa na tundu la mukojo pahali pasipo pake. Wanganga wanaita kilema hicho hipospadiasi. Kinatengenezwa kwa kupasuliwa, na wapasuaji wa watoto wanajua kazi hiyo vizuri. Lakini tumeona zaidi ya mara moja kazi nzuri ya munganga ikiharibika kitandani nyumbani, kwa siku kumi tu, kwa sababu hakuna mutu aliyewaeleza wazazi namna ya kuilinda.

Baba mumoja, fundi wa mabomba ya kutoa maji mushimoni, ametupa ruhusa ya kueleza habari ya mutoto wake, bila kutaja jina. Mutoto alipasuliwa akiwa na miezi 14. Kila kitu kilikwenda vizuri, wakarudi nyumbani na sonde, yaani kamupira kembamba ka kupitisha mukojo. Siku ya ine, baba alikuwa kwenye kazi ya usiku. Nkambo, aliyetoka muji kuja kusaidia, aliona mutoto analia, akamufunga mugongoni kwa kitambaa ili alale, kama alivyowabeba watoto wake saba. Mutoto alilala kweli. Lakini walipomushusha, sonde ilikuwa imetoka, na damu kidogo kwenye kushe. Mukojo ulikuwa unaendelea kutoka, basi wakasema: hakuna shida, tutakwenda siku ile tuliyopewa. Juma la tatu mama alimuona mutoto anakojoa kwa njia mbili: moja pa ncha, nyingine chini.

Baba aligombana na bibi yake. Bibi alimulaumu nkambo. Nkambo alirudi muji na uchungu. Na ukweli ni kwamba hakuna hata mumoja kati yao aliyefanya jambo kwa ubaya. Hawakuambiwa.

Kilema chenyewe ni nini?

Mutoto mwanaume akiwa bado tumboni, njia ya mukojo inafunguka kwanza kama mufereji, kisha kingo zake mbili zinakutana na kuunganika, kuanzia chini kuelekea ncha. Kazi hiyo inafanyika karibu kati ya juma la 8 na juma la 16 la mimba. Ikisimama kabla ya kufika mwisho, tundu linabaki upande wa chini wa uume: mara nyingi karibu na ncha, mara nyingine katikati, na kwa watoto wachache chini kabisa, karibu na mufuko wa kokwa. Mara nyingi utaona vilevile govi limejaa upande wa juu kama kofia, lakini chini halipo, na uume unaweza kupinda kuelekea chini.

Si jambo la ajabu. Katika inchi nyingi ambako wamehesabu, linaonekana kwa mutoto mwanaume mumoja kati ya 200 mpaka 300 hivi. Katika kambi yenye watoto wengi, ni hakika wako ndani, hata kama hamujasikia.

Linatoka wapi? Si laana, si kosa la mama, si kwa sababu baba aliruka kitu fulani wakati wa mimba. Mara nyingi sababu moja haionekani. Inajulikana kwamba linaweza kwenda katika jamaa: kama baba au kaka alizaliwa nalo, nafasi ya mwingine kuzaliwa nalo inaongezeka. Na kwa sisi watu wa madini kuna neno lingine la kusema. Mwaka 2020, gazeti la wanganga The Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi uliofanywa hapa Lubumbashi juu ya vilema vya kuzaliwa vinavyoonekana kwa macho. Ulionyesha kwamba vilema hivyo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini. Uchunguzi ule ulihusu vilema vya namna nyingi, haukusema kwamba vumbi ndilo linaleta hipospadiasi. Lakini unatosha kutukumbusha mashauri ambayo ukurasa huu unarudilia kila mara: oga kazini kabla ya kurudi, acha nguo za kazi kule kule, na kama ni lazima zifuliwe nyumbani, zisifuliwe pamoja na nguo za watoto, wala zisifuliwe na mama mwenye mimba.

Kabla ya kupasua: msitahiri kwanza

Hili ndilo shauri la kwanza, na linapaswa kuanzia maternite. Siku ambayo mutoto anazaliwa, mama au infirmye atazame kwa utulivu: tundu liko wapi? Govi limezunguka lote, au limekosa upande wa chini? Kama si kawaida, mutoto asitahiriwe, hata kama fundi wa kutahiri amekwisha kuja na jamaa wamekusanyika. Ngozi ile ya govi ndiyo kitambaa ambacho mupasuaji anaweza kukitumia kutengeneza njia mpya ya mukojo na kuifunika. Ukiikata na kuitupa, umemunyanganya fundi kitu cha kazi. Anaweza bado kufanya, lakini kwa shida kubwa zaidi.

Tena, mupapase kwa upole kama kokwa mbili ziko ndani ya mufuko. Kama tundu halipo pahali pake na kokwa hazionekani hata moja, musingoje: mumupeleke mutoto kwa munganga siku zile zile. Mara chache sana mutoto wa namna hiyo ni musichana ambaye mwili wake umeumbwa na ugonjwa wa tezi za juu ya figo, na ugonjwa huo unaweza kumufanya atapike, akauke maji na kufa katika majuma ya kwanza. Hapo hakuna nafasi ya haya.

Wapasuaji wengi wanapenda kufanya kazi hiyo mutoto akiwa kati ya miezi 6 na 18. Katika umri huo anasahau maumivu, bado anavaa kushe, na hajaanza kukimbia na kupanda kila kitu. Lakini mukubwa naye anatengenezwa. Kama una kijana wa miaka 10 nyumbani anayejificha wakati wa kukojoa, au kama wewe mwenyewe msomaji ni mutu muzima na ulizaliwa hivyo, zungumuza na munganga. Ataisikia habari yako na kuinyamazia.

Mbele ya kupasuliwa, semeni yote kwa munganga. Mutoto ana kikohozi au kamasi? Alikuwa na malaria majuzi? Ni mutoto wa damu SS, au kuna ndugu yake mwenye SS? Mutu wa SS anahitaji matayarisho ya pekee kabla ya dawa ya usingizi. Kilema hiki si moto unaowaka. Kungoja majuma machache mpaka kikohozi kiishe si hasara. Juu ya kula: kwa kawaida chakula na maziwa ya kopo vinasimamishwa saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2, ila kama munganga wa usingizi amewaambia saa zingine. Musimudanganye munganga kwa huruma. Mutoto aliyekula uji kwa siri anaweza kutapika akiwa usingizini na uji ukaingia katika mapafu. Na baba anayevuta tumbako, avutie inje ya nyumba, mbali na mutoto: moshi unasumbua pumzi yake wakati wa usingizi.

Fundi wa bomba ataelewa upesi

Sasa tufahamu kwa sababu gani siku za kwanza ni za hatari. Munganga ametengeneza njia mpya kwa ngozi laini, ameishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na ameifunika kwa tabaka moja au mbili. Namna moja inayotumiwa sana leo katika dunia ililetwa na munganga Mumarekani Warren Snodgrass mwaka 1994: anapasua katikati ya mufereji ili upanuke, kisha anaufunga kuwa tiyo. Kama tundu lilikuwa mbali sana na uume umepinda, kazi inaweza kugawanywa mara mbili, na katikati kunapita miezi 6 hivi. Kwa hiyo mukiambiwa murudi, musiseme kwamba munganga ameshindwa.

Sasa wewe fundi wa mabomba, fikiri: umeunga tiyo iliyopasuka. Muungo haujakauka. Je, utafungua maji kwa nguvu zote mara moja? Hapana. Na kama mbele ya muungo kuna uchafu unaoziba, maji yatafanya nini? Yatarudi nyuma, yatatafuta pahali palipo na uregevu, yatapasua pale. Mukojo unafanya vivyo hivyo. Sonde inawekwa ili mukojo upite bila kusukuma mushono. Kama sonde imeziba, au imetoka kabla ya wakati, au tundu jipya limekuwa jembamba, mukojo unasukuma kando na kutoboa. Kitundu hicho cha kando ndicho matata yanayoonekana zaidi baada ya kazi hii. Matata mengine ni tundu la ncha kuziba, njia kuwa nyembamba, mushono kufunguka, na kidonda kuingia vijidudu.

Watoto ambao tundu lilikuwa karibu na ncha, wengi wanapona kwa mara moja. Karibu mutoto mumoja kati ya kumi, au pungufu, anahitaji kurudi. Wale ambao tundu lilikuwa chini kabisa wanarudi kwa wingi zaidi, hata watatu mpaka watano kati ya kumi. Tunasema hesabu hii waziwazi ili muzazi ajue: unaweza kufanya yote sawasawa na kitundu kikatokea. Lakini yale yanayotegemea mikono yako, uyafanye.

Siku za sonde

Sonde inabaki siku 5 mpaka 14, kulingana na kazi iliyofanywa. Mara nyingi imeshonwa kwa uzi mumoja pa ncha. Kwa mutoto mudogo haifungwi kwenye mufuko, inadondosha mukojo ndani ya kushe. Kwa hiyo anavaa kushe mbili. Ile ya ndani inatobolewa tundu mbele, mwisho wa sonde unapitishwa pale, na kushe ya inje, iliyo kubwa zaidi kwa kipimo kimoja, ndiyo inapokea mukojo. Hivyo mavi yanabaki katika ile ya ndani na mukojo katika ile ya inje, na kidonda hakilowi. Kama munatumia kushe za kitambaa, ni vilevile, lakini zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani, zipigwe pasi pande zote mbili. Kila mutu anayegusa kushe anaosha mikono kwa sabuni mbele na nyuma. Hata nkambo. Hata munganga akija kutembelea.

Kila mara mukibadilisha, tazameni: sonde inadondosha? Haikupindwa? Kushe ya inje imelowa? Andikeni saa kwenye karatasi ukutani, kama munavyoandika katika kitabu cha mashine. Mutoto anywe sana: maziwa ya mama, maji safi yaliyochemushwa. Mukojo mwingi na mweupe unasafisha sonde. Mukojo kidogo na mweusi unaiziba. Katika miezi ya joto, Septemba na Oktoba, mutoto anatoka jasho sana, mumuongezee maji.

Sasa mugongo. Akina mama, tunajua kumubeba mutoto mugongoni ni mapendo, tena ndiyo njia ya kwenda soko na kupika bukari bila kumuacha chini. Lakini mugongoni mutoto anapanua miguu na sehemu yake ya mbele inasukumwa juu ya uti wa mugongo wa mama. Kidonda kinabanwa, sonde inavutwa, kama ilivyotokea kwa yule mutoto wa fundi. Kwa majuma matatu au ine, mpaka munganga aseme ndiyo, mutoto abebwe mbele, mikononi, miguu ikiwa pamoja. Asikalishwe kiunoni wala mapajani kwa kutanuliwa. Hii inamaanisha kwamba mama hawezi kufanya kazi yake yote. Kwa hiyo hapa tunasema na baba: kabla ya kupasuliwa, zungumuza na kapita wako juu ya siku za kupumuzika, au upate dada, mushemeji, jirani wa kuchota maji na kusonga bukari. Mama mumoja peke yake na watoto wengine wane hawezi kulinda sonde siku kumi. Afazali siku ya kupasuliwa isogezwe kuliko kukosa mutu wa kusaidia.

Mutoto asifunge choo. Akijikaza kwa kujisaidia, anasukuma mukojo pia, na pressio ile yote inakwenda kwenye mushono. Kama amekwisha kuanza kula, apate papai, lengalenga, sombe iliyopikwa laini, maharagi, na maji. Akikaa siku mbili bila choo, muombe dawa hospitalini. Musimupe dawa ya kuharisha ya soko, wala musimupige bomba la majani.

Maumivu yanapunguzwa kwa parasetamoli. Kipimo cha kawaida ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mutoto, kila saa 6. Basi mutoto wa kilo 10 anapata miligramu 150, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mupime mutoto kilo zake, musikisie. Aspirini hapana: inafanya damu itoke. Mara nyingine mutoto analia kwa gafula, anajikunja, na mukojo unatoka kando ya sonde. Huko ni kibofu kinachojikaza kwa sababu sonde inakigusa. Kuna dawa yake, na munganga atawapa. Kama amewapa antibiotiki, inyweshwe yote mpaka siku ya mwisho, isigawanywe na mutoto wa jirani mwenye kikohozi.

Kitambaa cha kidonda kiachwe pale pale mpaka siku iliyosemwa. Mutoto asiingizwe katika beseni. Afutwe mwili kwa kitambaa na maji. Mavi yakikigusa, futa kwa maji yaliyochemushwa na kupoa, kutoka mbele kwenda nyuma. Siku ya kukitoa, mara nyingi kinalowanishwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili kisivutwe kwa nguvu. Chini yake utaona uume umevimba, una rangi ya zambarau na ya kijani. Wazazi wanaogopa sana wakiona hivyo, lakini uvimbe huo ni wa kawaida na unapungua majuma kwa majuma.

Na sasa neno la wazi juu ya dawa za muji. Hatuzarau majani, muzee mwenye kujua majani yuko na akili yake. Lakini juu ya kidonda hiki kisiwekwe majivu, majani yaliyotwangwa, mafuta ya ngazi, dawa ya meno, wala unga wa antibiotiki uliofunguliwa kutoka katika kapsule. Wala kusiwe kukanda kwa maji ya moto. Ngozi hii mpya haina nguvu ya kuvumilia hata kitu kizuri. Kama munganga amewapa vaselini au pomada, tumieni ile tu.

Wakati gani kukimbia hospitalini

Musingoje siku ya randevu mukiona hata moja ya haya: kushe ya inje ni kavu kwa saa 4 na kibofu kimejaa chini ya kitovu, sonde imetoka yote au nusu, damu inaendelea kutiririka hata baada ya kukandamiza polepole kwa kitambaa safi kwa dakika 10, joto la mwili limefika 38 na nusu, usaha au harufu mbaya, ncha ya uume inakuwa nyeusi au baridi, mutoto anatapika kila kitu. Na sonde ikitoka, hakuna mutu wa nyumbani, hata kama ni infirmye wa kambi rafiki yenu, anayeruhusiwa kuirudisha. Kuisukuma bila kuona kunaweza kutoboa njia mpya. Ileteni ndani ya mufuko safi, munganga aione kama ni nzima.

Kumbukeni vilevile joto la mwili linaweza kuwa malaria. Lipimwe damu, lakini kidonda nacho kitazamwe.

Sonde imetoka kwa wakati wake

Siku ile mutoto atalia akikojoa mara ya kwanza. Inaunguza. Mukojo unaweza kurushwa huku na huku kama maji ya mupira uliobanwa kwa kidole. Mumupe maji mengi, na kama munganga amekubali, mumukalishe katika beseni safi ya maji ya uvuguvugu, akojoe humo humo. Baba wengine wanacheka, lakini inasaidia sana. Kama saa 6 mpaka 8 zinapita bila mukojo, rudini.

Kwa majuma matatu au ine asipande kinga, asikalie muti au farasi wa mbao, asicheze katika muchanga bila nguo ya ndani, asiogelee mutoni. Kijana wa masomo asirudi kwenye mupira wa miguu mpaka aruhusiwe.

Sasa inakuja kazi ambayo tunaiacha kwa baba, na ni rahisi: mara moja kwa juma, utazame mutoto wako akikojoa. Mustari wa mukojo uwe mumoja, wenye nguvu, unaokwenda mbele. Kama ni mwembamba kama uzi, kama anajikaza mpaka uso unakuwa mwekundu, kama anakojoa kwa muda murefu au ncha inavimba wakati wa kukojoa, tundu linaziba. Mupeleke katika siku zile zile. Kupanua tundu lililoanza kuziba ni jambo dogo. Kuacha mpaka mukojo utoboe kando ni jambo kubwa. Hapa ndipo wazazi wengi wanachelewa, kwa sababu mutoto hana joto la mwili, anacheza, anakula vizuri, na wanasema amepona.

Kama kitundu cha kando kimekwisha kutokea, musivunjike moyo na musimulazimishe munganga akishone kesho. Vitundu vidogo sana vinaweza kufunga vyenyewe katika majuma ya kwanza. Vingine vinangojewa angalau miezi 6 tangu kupasuliwa, mpaka ngozi ilainike na damu ipite vizuri ndani yake. Mushono uliofanywa haraka juu ya ngozi ngumu unafunguka tena, na kila mara ngozi nzuri inapungua. Katika miezi hiyo ya kungoja mutoto anaweza kuishi sawasawa, anaoga, anacheza, anakwenda masomo. Ila mumulinde na vinywa vya watu. Mutoto wa miaka mitano anaelewa kila kitu ambacho shangazi anamunongoneza jirani.

Hata yule aliyepona kabisa arudi kuonwa baada ya juma, mwezi, miezi 6, mwaka. Kisha wakati anapojifunza kukojoa akisimama. Kisha tena wakati wa kubalehe, kwa sababu mwili unapokua haraka, kupinda kunaweza kurudi na njia inaweza kubana. Karatasi ya kupasuliwa ichungwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Watu wa madini wanahama, leo Likasi, kesho Kolwezi, na mupasuaji mupya anahitaji kujua ni kazi gani ilifanywa, siku gani, na kwa ngozi gani.

Yule mutoto wa fundi wa mabomba alingoja miezi 8. Katika miezi hiyo mama alikwenda mwenyewe muji kumuchukua nkambo, na mara ya pili ni nkambo aliyeketi mbele ya mulango na mutoto juu ya magoti, miguu pamoja, akimukataza kila mutu asiyeosha mikono kuingia. Baba alibadilishana kazi ya usiku na mwenzake kwa siku kumi na mbili. Aliandika saa za kushe kwenye karatasi kutoka kazini, kwa kalamu nyekundu. Sonde ilitolewa siku ya kumi. Mutoto ana miaka mitano sasa na anakojoa kwa njia moja. Baba anasema shida yao ya leo ni kwamba anataka kukojolea ukuta wa jirani ili kuona nani anafika juu zaidi.